Beti ya Nne

Mama hakujua kalamu. Alijua nyundo.
Pale Maziwa Ng'ombe, penye mawe kuliko udongo,
alikaa juu ya gunia, miguu kainyoosha,
akivunja kokoto za watu wanaojenga mjini,
na kila pigo lilikuwa mizani:
nane, apumue, nane tena,
kisha alisukume rundo kwa kisigino.

Walimjia na magomvi yao
kama mtu aendavyo kwa fundi cherehani na kitambaa.
Huyu kasemwa kisimani, yule kadhulumiwa mahari,
mwengine ana neno la kumwambia mkwewe
ambalo likitoka wazi litabomoa nyumba.
Mama huuliza: "Unataka limchome, au limwashe tu?"
Ujira pishi ya mchele. Wajane, bure.

Lile la kisima hakuagizwa na mtu.
Alilitunga mwaka wa kiu, na alipomaliza akaligawa.
Beti ya kwanza akanitia mimi mdomoni, nina miaka tisa;
ya pili Mwadini;
ya tatu Raya, ambaye ra ilikuwa bado haijamkubali ulimi.
Ya nne hatukujua kampa nani.
"Shairi zima kwa mtu mmoja," alisema, "ni ubahili."

Yangu ni hii:

Maji ya kisima kile, hayachotwi kwa hasira
Aliyefika wa mbele, asijione ni bora
Wa nyuma kwa makelele, hapati ila hasara
Kamba moja ndoo mia, ikikatika ni kiu.

Juzi kaja kijana wa chuo kutoka Unguja, Haroub,
na chombo cha kunasia sauti, kidogo mfano wa kiberiti.
Nikasema yangu. Mwadini akasema yake kwa simu, yuko Tanga,
nyuma yake pikipiki zinapita.
Raya, mwalimu mkuu sasa, ra zake zote timamu,
alifika nusu akalia.
"Na ya nne?" Haroub akauliza.
Tukatazama chombo, taa yake nyekundu inangoja.

Nilijua. Nadhani sote tulijua.
Nyumba ya pili kutoka kisimani, kwa Shaame Mbwana,
ambaye miaka saba sikumpa salamu
kwa ajili ya vigingi vya mwani,
hatua kumi na mbili za maji ya magotini.

Nilikwenda peke yangu, alasiri, viatu mkononi.
Alikuwa anashona mkeka uliotoboka.
Hakuinua uso. "Umekuja kuchukua chako," akasema,
na akaanza, bila kuomba maji, bila kukohoa:

Kamba mliyotafuta, usiku ule gizani
Kila nyumba mkapita, mkabisha milangoni
Ni mimi niloivuta, nikaitia uvunguni
Kamba moja ndoo mia, ikikatika ni kiu.

Mama.
Uvunguni mwa kitanda kile kile tulicholala watatu,
ndimi zimekauka, tukimlaani mwizi.
Hakuweza kututia sisi mdomoni.
Akampa jirani aitunze, kama mtu awekavyo kisu kwa mwenye ugomvi naye.

Lakini vidole vyangu vilikuwa vimeshahesabu.
"Rudia wa tatu," nikamwambia.
Akarudia.
"Nikaitia uvunguni, hizo tisa, Shaame. Mama hakuwa mtu wa tisa.
Ni nikatia."
"Mimi ndiye niliyepewa!"
"Na mimi ndiye niliyezaliwa!"
Akautupa mkeka. Nikakaa chini nisikaribishwe.
Tukaanza kupiga mizani kwa vifundo vya vidole sakafuni,
yeye zake, mimi zangu,
hata mkewe Asaa akachungulia kutoka jikoni,
akatutazama kama watoto waliokutwa na sukari,
akaongeza kikombe.

Haroub aliondoka na boti ya asubuhi, na beti tatu.
Ya nne bado tunaishindania.
Vigingi hatujavitaja.
Kesho nakwenda tena: nimekumbuka usiku jinsi mama
alivyokuwa akiimeza *i*
nyundo ikiwa juu.